Kiti Nilichokirudisha Ndani

Rayners Lane, jioni

Mwanangu Nasim,

Barua za kwetu zina mlango wake wa kuingilia. Mtu huanza kwa kusema kwamba yeye ni mzima, hofu yake ni kwako uliye mbali, kisha ndipo aseme kilichomkalisha chini na kalamu. Mimi mlango huo nimeupita mara nyingi mno. Miaka yote mama yangu alipokuwa hai Mombasa nilimwandikia kwamba mimi mzima, hofu ni kwake, na mara nyingi sikuwa mzima hata kidogo. Nilikuwa na homa, au baridi imenipasua vidole, au nimerudi kazini nikajitupa kitandani na viatu miguuni kwa kukosa nguvu ya kuvivua. Kwa hiyo leo nitaingilia dirishani.

Tena wewe bado hujawa mbali. Uko dukani na mumeo Yusuf mnanunua dawa ya mbu, ingawa mimi mwenyewe nilikusikia ukisema huo mji wa Cuenca uko juu milimani na mbu hawafiki. Kesho asubuhi mnaondoka kwenda Ekwado. Ninaandika mezani jikoni, mabegi yenu yamejaa ukumbini, na kila nikitaka kwenda chooni lazima niyapande kama mlima.

Ninakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikachi chetu, lugha ya wazee wetu wa Uhindini, sikufundishwa kukiandika, na Kiingereza changu ni cha kazini: beba, weka, ngoja, samahani. Shule niliiacha kabla sijamaliza la saba, babangu aliponiingiza kwenye karakana yake ya useremala. Lakini najua utasoma. Ulijifunza kwa kumsomea mamako barua za shangazi yako, mtoto mdogo umekaa juu ya mashine ya kufulia, unasoma kwa sauti maneno ambayo nusu yake huyaelewi, na mamako anakusahihisha bila kugeuka kutoka kwenye sufuria.

Jana nilikusikia. Sikutega sikio, kuta za nyumba hii unazijua. Ulikuwa unamwambia Yusuf kwa Kiingereza kwamba labda atangulie yeye, wewe utafuata. "Nitamwachaje peke yake ndani ya nyumba hii?" Ni mtu mwema, yule Mmarekani wako, maana mwingine angelikuwa ameshapiga meza. Kazi ya ualimu inamngoja kule, na safari hii mmeshaiahirisha kwa ajili ya jicho langu, mkaiahirisha tena kwa sababu ya maziko ya mamako.

Leo alfajiri kabla sijaenda kazini nikakwambia, "Mimi niko sawa. Nenda." Ukanitazama vile alivyokuwa akinitazama mamako. Ukanijibu Kiingereza, kama kawaida yako: "Baba, wewe husema hivyo hivyo siku zote."

Kweli. Basi sitakwambia niko sawa. Nitakwambia habari ya kiti.

Kiti chenyewe ni kile cha mbao cha bafuni, tunachowekea taulo. Umekiona tangu kuzaliwa kwako na hukuwahi kuniuliza kimetoka wapi. Lakini kabla ya kiti kulikuwa na baraza.

Nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, ilikuwa na baraza la mawe, limeshikana na ukuta, nje kabisa, njia yenyewe inapita mbele ya magoti yako. Babangu akishaswali alasiri alioga, akakung'uta vumbi la mbao masikioni, akavaa kikoi safi na kofia, akatoka kukaa. Hakuwa akimngoja mtu. Alikuwa amekaa tu, na watu wakaja wenyewe. Mtu mzima aliyebaki ndani saa hizo, watu walijua anaumwa au amegombana na mkewe.

"Fundi, hujafa tu?" mmoja angepita akamwambia.

"Nakungoja wewe kwanza nikuchongee jeneza."

"Nipime basi."

"Nilishakupima kwa macho. Mbao za mji huu hazitoshi kwa tumbo hilo."

Na yule mwenye tumbo angekaa. Hivyo ndivyo nilivyojua dunia, Nasim. Nani kaoa, nani kaumwa, nani kafukuzwa kazi, vyote vilipita pale barazani. Nikifikiri sasa, hata mapenzi ya babangu kwangu niliyajulia hapo. Ndani ya nyumba hakuwa na maneno. Nje alikuwa akimwambia kila mpita njia, "Huyu wangu ana mkono wa kazi," na mimi nimekaa pembeni najifanya sisikii.

Halafu ikaja ile habari kwamba Uingereza itafunga mlango kwa Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza kama zetu. Kila Mhindi aliyekuwa nayo alikuwa na jambo la kusema. Wengine wakasema ni uvumi, wengine wakauza hata vitanda. Mimi na mamako tulikuwa na ndoa changa na hatukuwa na cha kuuza. Tukaondoka.

Babangu hakuja uwanja wa ndege. Alinikumbatia ndani, akaniombea dua, kisha akatoka akakaa mahali pake. Gari lilipokuwa linakata kona niligeuka kumwangalia, nikiogopa nitamkuta analia. Alikuwa anacheka. Mtu alikuwa amesimama mbele yake, sijui nani, nilimwona mgongo tu, na babangu amemshika mkono anacheka kwa kitu alichoambiwa. Mamako alilia njia nzima. Mimi sikulia. Nilikuwa nimemwacha mzee wangu nje, pamoja na watu.

Sikumwona tena. Lakini katika mambo yote yaliyonikosesha usingizi nchi hii, hilo halimo.

Tulifikia Kilburn, hapa London, chumba cha juu katika nyumba iliyokatwakatwa vyumba. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi mwenzetu wa Nairobi aliyetangulia kuja, na kwa kutangulia huko alijiona Mwingereza. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la gesi la pete moja, mita ya umeme iliyokula shilingi, na viti viwili. Kimoja mguu wake ulikuwa umelegea, nikautia gundi na kabari usiku wa kwanza, maana mikono yangu haikuwa na la kufanya.

Tulipitisha baridi yote pale. Kisha likaja jua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona jua linakataa kuzama. Unaswali alasiri, unakula, unakaa, bado kweupe. Siku moja nilitoka kazini, nikaoga, nikavaa shati jeupe na kofia yangu ya viua, iliyotariziwa kwa mkono, nikashusha kile kiti nilichokitengeneza, nikakiweka nje ya mlango, kwenye njia ya waendao kwa miguu. Nikakaa. Nilikuwa na furaha siku hiyo, sikufichi. Nilijiambia, leo nitawajua watu wa mtaa huu.

Watu walipita. Mmoja akavuka barabara asinipite karibu. Mtoto akanikodolea macho, mamake akamvuta. Mimi nikawa nainamisha kichwa kwa kila mtu, nangoja wa kwanza atakayesimama.

Aliyesimama alikuwa mjane wa Kiairishi wa nyumba ya jirani, jina lake Nora. Alikuwa ananichungulia dirishani muda mrefu. Akatoka na kikombe cha chai na kipande cha mkate wenye siagi, akanishika bega.

"Wamekutoa, mwanangu?"

Sikuelewa. Lakini mtu akikuletea chai ulipokaa, unafanya nini? Unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unakunywa. Nikapokea kwa mikono miwili. Nadhani mikono hiyo miwili ndiyo iliyomaliza kila kitu, maana Nora alinitazama, machozi yakamlenga, akarudi ndani haraka. Mimi nikakaa nakunywa, nasema moyoni, kumbe ni watu kama sisi.

Sikumaliza chai. Nora alirudi na kaka yake, bonge la mtu, fundi wa barabara, bado ana lami kwenye suruali. Wakapiga mlango wa mwenye nyumba wakaanza kumtukana. Katika mtaa ule, Nasim, mtu aliyekaa nje juu ya kiti cha nyumbani alikuwa amefukuzwa na mwenye nyumba; vitu vyake hutolewa nje, na yeye hukaa juu yavyo mpaka apate pa kwenda. Nora alikuwa ameona mambo hayo yakiwapata watu wake. Na kwa kumwona mwenye nyumba alivyo, hakuhitaji ushahidi zaidi.

"Mimi? Nimemtoa mimi?" mwenye nyumba anapiga kelele kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, kile cha Nairobi: "Bhai! Unataka mtaa mzima uniite katili? Nani amekutoa?"

"Hakuna. Nimekaa tu."

"Umekaa tu! Hapa mtu hakai nje. Anayekaa nje ni mlevi au ametupwa."

"Ndani kuna giza, bhai."

"Washa taa! Na shilingi ya mita utie mwenyewe."

Mamako alikuwa juu dirishani anaangalia yote. Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilipandisha kiti, nikakigeuzia ukutani, na sikukitoa nje tena.

Mamako yeye alibaki na kikombe. Nilikuwa nimepanda nacho mkononi kwa kuchanganyikiwa. Kesho yake akakiosha, na kwa kuwa hakulelewa kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu, akapika kaimati kwenye lile jiko la pete moja, kwa iliki aliyokuja nayo kwenye soksi, akakijaza, akaenda kugonga kwa Nora. Hakuwa na Kiingereza cha kumwambia chochote. Nora akaonja moja, akamvuta ndani. Siku ya pili kikombe kikarudi na jemu. Mamako akakipeleka na bajia. Kikaenda kikirudi hivyo mpaka mkono wa kikombe ukakatika, na hata hapo wakaendelea nacho bila mkono.

Ndiyo maana Kiingereza cha mamako kilikuwa na lafudhi ya Kiairishi. Wewe ulikuwa ukimcheka shuleni kwako siku za wazazi, hukujua kwa nini. Alijifunza kwa Nora, wamekaa wanamenya viazi.

Na mimi nilikuwa nikipita mlango wa Nora nimeinamisha macho. Niliona ananihurumia. Nilikuwa fundi mwana wa fundi, na mtu alinidhania nimetupwa barabarani na vyombo. Ilinichukua nusu ya maisha kufahamu kwamba mtaa mzima ulipita, na yeye peke yake alisimama. Nilichojifunza siku ile kilikuwa kinyume. Nilijifunza kwamba hapa mlango ni wa kufungwa. Nikaujua vizuri mno.

Nilipopata kazi Hayes, kwenye kiwanda cha kupanga chakula cha abiria wa ndege, nikamwambia mamako tuhamie huku Rayners Lane. Watu wetu walikuwa wanaanza kununua nyumba. Mamako akasema Kilburn panamtosha. Nikamwambia, utaishi na Waairishi mpaka lini? Siku tuliyohama mwenye nyumba alitutupia kile kiti: "Chukua ufalme wako." Mamako alilia kwenye gari. Nilidhani ni uchovu wa kufunga mizigo. Baadaye alikuwa akipanda basi kwenda kumwona Nora, na akaendelea mpaka Nora alipokufa. Mimi sikwenda hata siku ya maziko. Nilikuwa na shifti.

Huku tulijaza mtaa. Wewe ulizaliwa ukakuta duka la karibu na stesheni linauza muhogo, mbaazi, ndizi mbichi na embe za kuweka achari. Ulikuta ukumbi wetu wa mikutano, harusi zetu, ugomvi wetu wa nani awe mwenyekiti. Kazini pia ilikuwa sisi kwa sisi. Nilisimama kwenye mstari ule miaka, naweka uma, naweka kisu, naweka mkate, sahani inasogea. Toroli za sahani hizo zilikuwa na majina ya miji ubavuni: Bogota, Sao Paulo, Karakasi. Mwenzangu wa Kampala alikuwa akiniuliza, "Hawa wa Bogota wanakula nini kwao?" Namjibu, "Wanakula unachowawekea. Weka." Tunacheka. Miji ile niliijua kwa majina ya toroli, na London hii niliyokuwa nimesimama ndani yake sikuijua zaidi ya hapo.

Sikuona kasoro. Nyumba ilikuwa na joto, wewe ulikuwa unasoma, mapazia yamefungwa. Kasoro niliiona hospitali. Unakumbuka ile siku ambayo daktari alituita na wewe ulikuwa kazini Manchester. Daktari akazungumza taratibu, kwa upole, akiniangalia mimi, mume. Sikuelewa. Nikamgeukia mamako. Mgonjwa, Nasim, ndiye aliyekuwa akinitafsiria ugonjwa wake.

"Anasemaje?"

"Anasema nipumzike."

"Maneno yote yale ni kupumzika?"

"Na ninywe maji," mamako akasema.

Nikamnunulia maji njiani, chupa mbili kubwa. Alizinywa mbele yangu ili nifurahi. Wewe ulikuja mwisho wa wiki ukazungumza na daktari kwa simu, kisha ukanikalisha kwenye kiti hiki ninachokalia sasa ukaniambia ukweli. Siku zote zile alizibeba peke yake, kwa sababu mimi miaka mingi nilikuwa nimekaa nchi hii nyuma ya pazia. Hilo ndilo ninalolijutia. Mengine ni maisha tu.

Sasa sikia kwa nini nilicheka wiki iliyopita ukanikasirikia. Ulikuwa unanisomea kwenye kompyuta yale mazungumzo ya Wamarekani waliohamia Cuenca. Mmoja anauliza siagi ya karanga ya kwao inauzwa wapi. Mwingine anasema kuna majengo ambayo unaweza kukaa mwaka mzima bila kuhitaji neno la Kihispania. Mwingine anataja daktari anayejua Kiingereza, fundi bomba anayejua Kiingereza, mkahawa wanaokutana kila Ijumaa kulalamika kuhusu maji ya moto. Mimi nikacheka mpaka nikakohoa.

"Baba, kuna nini cha kuchekesha?"

Nilishindwa kukuambia. Nakuambia sasa. Niliona muhogo, Nasim. Niliona ukumbi wetu na mwenyekiti wetu. Watu wametoka Amerika wamekwenda juu ya milima kujenga Rayners Lane.

Siwasemi vibaya. Mwaka wa kwanza utawahitaji. Utakuwa na siku ya kulilia mkate unaoujua, na mtu wa kukuonyesha unapouzwa atakuwa malaika kwako. Na kwa kuwa mumeo ni Mmarekani, kule watakuita Mmarekani na wewe. Mjukuu wa fundi wa Kibokoni, mzaliwa wa London, Mmarekani wa Ekwado. Babangu angelicheka. Watakualika Ijumaa, nenda, kula, cheka nao. Ninachokuomba ni kwamba kwenye jengo lile lisilohitaji Kihispania usikae. Tafuteni nyumba yenye jirani msiyeelewana naye. Yusuf atasema si salama, au si rahisi. Mwambie babako alikaa mahali salama na rahisi.

Na utakosea. Utafanya jambo la kwetu kule na litaonekana wazimu. Utaketi pasipoketiwa, utampa mtu mkono asiyepewa mkono. Watakucheka, au, na hili ndilo gumu zaidi, watakuhurumia. Siku hiyo usipandishe kiti juu. Mimi sina ushauri mwingine niliouhakikisha kwa mwili wangu.

Sasa nikwambie la leo, ndilo lililonifanya niandike.

Nilirudi saa tisa kutoka ghalani ninakofanya kazi siku hizi. Hamkuwepo. Nikaswali. Nikaingia bafuni kunawa uso, nikakiona kiti. Nikatoa taulo. Gundi yangu ya Kilburn bado imeshika, nakwambia, ule mguu hautikisiki. Nikavaa shati jeupe, nikaitafuta kofia ya viua, nikakuta nondo wameila upande mmoja, nikaivaa hivyo hivyo. Nikatoka nikakiweka kiti mbele ya nyumba, kati ya mapipa ya taka na mlango, mahali pekee penye nafasi. Nikakaa.

Alipita mleta vifurushi, akaniuliza kama mimi ndiye nambari kumi na tisa. Nikasema hapana. Akaondoka. Walipita wasichana wa shule wakacheka, sijui kwangu au kwao wenyewe. Nikainamisha kichwa. Nikasema moyoni, mzee, unajiaibisha, ingia ndani.

Ndipo akatoka jirani wa kushoto. Yule kijana wa Kiromania aliyeleta maua mamako alipokufa, nikamshukuru na kufunga mlango, na mpaka leo sikuwa najua jina lake. Anaitwa Marius. Alisimama akanitazama.

"Mjomba, umefungiwa nje?"

Kabla sijajibu alishakimbia nyuma. Akarudi na ngazi. Nasim, alikuja na ngazi! Anaiegemeza ukutani kwangu, ananionyesha dirisha la chumba chako, tayari kupanda. Nikamkumbuka kaka yake Nora na lami yake. Nikaanza kucheka na sikuweza kunyamaza. Kijana akaogopa, akadhani nimeumwa.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kazini, "Hapana. Funguo ninazo. Nimekaa tu."

"Umekaa tu?"

"Nimekaa tu. Na wewe kaa."

Akanitazama, akaitazama ngazi, akaiacha ilivyoegemea, akakaa kwenye kipago cha chini, kile cha kukanyagia. Kisha akasema kwamba kwao, kijijini, bibi yake ana benchi nje ya geti, na kila jioni hukaa hapo kuwasema watu. Kila nyumba ina benchi. Alipofika London alishangaa zimefichwa wapi. Nikamwambia na sisi, ya mawe. Nikamwambia habari ya babangu na jeneza, nusu kwa maneno, nusu kwa mikono. Alicheka pale pale panapochekesha. Miaka yote hii tumeshirikiana ukuta mmoja.

Mkewe akafungua mlango kutafuta mumewe, akamkuta kwenye ngazi. Akaingia, akatoka na chai. Nikapokea kwa mikono miwili.

Kikombe chao kiko mbele yangu hapa mezani ninapoandika. Kina picha ya kuku wa njano. Nimekiosha. Sitakirudisha leo kwa sababu sina cha kutia ndani. Kesho nitajaribu kaimati. Mamako alikuwa anapima unga kwa kiganja na hakuniachia kiganja chake, kwa hiyo za kwanza zitakuwa mawe, nitakula mwenyewe. Hamira ipo kabati la juu, nimeiona. Usinifundishe usiku huu. Niache nikosee.

Barua hii nitaiweka juu ya mto wako uisome kabla hujalala, maana ukiisoma kwenye ndege haitakuwa na kazi. Heathrow sitakuja. Heathrow nimekwenda kutosha. Gari likija nitakukumbatia ndani, nitakuombea dua, kisha nitatoka nje kukaa mahali pangu. Kesho Marius anaingia kazini mchana. Asubuhi yupo, na amesema atakuja na kiti chake, maana kipago kile kimemuumiza.

Gari likikata kona, geuka. Usiogope utakachokiona. Na ukifika huko milimani ukanihofia, kumbuka kwamba siko ndani peke yangu. Nina kikombe cha watu cha kurudisha.

Mimi, babako